Sababu Zilipokwisha

Kama uliwahi kuingia kwenye duka lile la mapazia ukatoka mikono mitupu, basi wewe una roho ngumu. Watu waliingia kuulizia bei ya pete za kutundikia, wakatoka wamebeba mapazia ya sebule nzima na foronya juu yake. Wakifika nyumbani wanabaki kuulizana na wenzao ilikuwaje. Ilikuwa Mama Chukua, hakuna kingine.

Jina hilo walimpa wateja wenyewe, kwa sababu ya kauli yake ya kila siku: "Chukua tu, tutaelewana." Alikuwa mjane mwenye mwili, mcheshi, miguu ikimsumbua kuanzia mchana, na sauti yake ya kubembeleza ingeweza kumuuzia kipofu pazia la kuzuia jua. Kuuza kwake kulikuwa fani, na mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa mwanawe wa pekee, ambaye majirani wa duka walimwita Bosi Mdogo tangu siku za kaptula. Sasa alikuwa na ndevu na leseni ya udereva, jina bado lile lile.

"Mteja akisema hapana," mama mtu alikuwa akimfundisha, "usibishane na hapana yake. Hapana haina pa kushika. Wewe muulize kwa nini. Akikupa sababu, umempata. Akisema rangi, mletee rangi. Akisema dirisha lake refu, fundi yupo. Akisema mpaka amuulize mumewe, mpe simu ampigie. Sababu zikimwishia, atachukua."

Kulikuwa na mbinu nyingine ambayo hakuihubiri, aliifanya tu. Alishusha majora ya vitambaa kutoka rafuni, moja baada ya jingine, akiyakunjua mezani huku anahema na kujishika kiuno, mpaka meza inafunikwa na mengine yanalala kitini. Mteja akitazama kazi yote ile iliyofanywa kwa ajili yake, anaona haya kuondoka. "Nikushushie na lile la juu?" anauliza Mama Chukua, kwa sauti ya mtu anayeaga dunia. Hapo mteja anafungua mkoba.

Nyuma ya duka, mahali palipotengwa kwa pazia, alikaa fundi wa kushona. Kila mtu alimwita Fundi, basi, utadhani mji mzima hauna fundi mwingine. Alikuwa dada wa miaka ishirini na mitano, mkimya, mkono wake umenyooka kiasi kwamba pindo lake ungeweza kulipima kona hadi kona usikute tofauti. Alikuja kazini na mkasi wake mwenyewe, kauzungushia kitambaa laini, na hakuna aliyeruhusiwa kuugusa, hata tajiri wake. Mama Chukua akiwa kazini mbele na mteja, Fundi alikuwa nyuma anajiziba mdomo asicheke. Mteja akishaondoka, yeye ndiye aliyetoka na vikombe vya chai akiigiza ile "nikushushie na lile la juu," na Mama Chukua anacheka mpaka anatafuta pa kukaa. Alimpenda. Alimwita mwanangu na hakuwa anapamba maneno.

Halafu kazi ya Fundi ikaanza kuharibika. Mteja mmoja alirudisha pazia la chumbani, upande mmoja umepungua kiganja kizima. Baada ya hapo Fundi akaigeuza cherehani yake, akawa anashona akitazama upande wa kuingilia, mwanga unamjia mgongoni, jambo ambalo hakuna fundi mwenye akili zake analifanya. Kisha akakataa kwenda kupima madirisha. Kupima kulikuwa sehemu ya kazi yake: watu wakijenga nyumba mpya, kabla hawajahamia, huacha ufunguo dukani. Bosi Mdogo anaendesha gari na kuandika vipimo, Fundi anapanda ngazi na futi yake.

"Safari hii mtume mtu mwingine, mama," alisema.

"Una nini wewe? Au umepata mtu? Maana mwenye kupendwa mkono humpinda!"

Fundi hakucheka. Aliyecheka ni Bosi Mdogo, kule mbele, na alicheka kidogo kuliko kawaida yake.

Mchana mmoja wa mvua, duka tupu, maji yanateremka kwenye vioo vya mbele, Fundi akatoka nyuma ya pazia, akasema anaacha kazi mwisho wa mwezi. Mama Chukua akafanya alilozoea kufanya. Akauliza kwa nini. Fundi akasema mama yake mzazi haumwi vizuri siku hizi, yaani hata maneno yalimchanganyika. Mama Chukua akasema basi aje kazini nusu siku. Fundi akasema nyumbani ni mbali. Mama Chukua akasema, la mbali ni dogo, Bosi Mdogo atakuwa anamfuata asubuhi na kumrudisha.

Uso wa Fundi ukabadilika. Mtu aliyekula mkate wake kwa kusoma nyuso za watu hawezi kukosa uso kama ule. Mama Chukua akavuta kiti, akakaa.

"Mwanangu amekufanya nini?"

"Hakunilazimisha, mama." Ndivyo alivyoanza, utadhani ndiye wakili wa yule. "Usije ukafikiri alinilazimisha."

Akasimulia akiwa amesimama, vidole vinachezea ncha ya futi iliyoning'inia shingoni. Ilikuwa kwenye nyumba mpya, wameshapima madirisha yote. Nyumba tupu, ukikohoa inakujibu. Bosi Mdogo alikuwa ameshamwambia zamani kwamba anampenda, na tangu hapo hakuacha kumtendea mema. Alimrudisha kwao kwa gari hata alipokuwa amekataa kupanda. Alimpelekea mama yake dawa bila kuulizwa. Alimletea mota mpya ya cherehani ya nyumbani, akaifunga mwenyewe. Fundi akikataa kitu, anakuta kimeshafika. Siku ile sasa, kwenye nyumba ile, alitaka walale pamoja.

"Nikasema hapana. Akaniuliza kwa nini. Wala hakufoka, aliuliza vizuri. Nikasema mtu anaweza kutokea. Akanionyesha ufunguo, akasema wenyewe wako safarini. Nikasema naogopa kupata mimba. Akasema kajiandaa. Nikasema nimechelewa, mama atakuwa na wasiwasi. Akampigia palepale, akamwambia kazi imekuwa nyingi, atanileta mwenyewe. Mama akamshukuru sana. Nilimsikia akimshukuru."

Mama Chukua alikuwa ameshika magoti yake.

"Nikamwambia basi tu, sijisikii. Akaenda akakaa kwenye ngazi yangu ya kupimia, akashika kichwa. Akasema, yote niliyokufanyia, kumbe mimi si kitu kwako. Hakusema kwa hasira, mama. Alikuwa na machozi. Nikaona haya. Nikaanza mimi kumbembeleza yeye."

Mezani pale dukani kulikuwa na majora ya asubuhi ambayo hayajarudishwa rafuni, ya bluu, ya maziwa, ya maua. Mama Chukua akayaona, akatamani asiyaone.

"Halafu?"

"Halafu sababu zikaniishia. Nikasema sawa."

Gari likapita nje likarusha maji. Fundi akangoja kelele yake iishe.

"Mlango ulikuwa wazi. Hata hakuufunga. Ningeweza kutoka, na sikutoka, kwa hiyo sijui nikiite kitu gani. Mtu akiniuliza kakufanya nini, namjibu nini? Ulipiga kelele? Hapana. Alikushika kwa nguvu? Hapana. Ulimwambia nini? Nilimwambia sawa. Nimejiuliza yote hayo kabla ya wewe kuniuliza." Akaifungua futi shingoni, akaanza kuikunja. "Lakini mama, kwani lazima mtu awe na sababu? Hapana peke yake haitoshi?"

Miaka yote ile ya biashara, hakuna aliyewahi kumuuliza Mama Chukua swali hilo.  Alimshika mkono. Fundi akauacha mkono wake ushikwe, mlegevu, na baadaye kidogo akauondoa taratibu akarudi nyuma ya pazia, kwa sababu mteja alikuwa anaingia na mwavuli unaotiririka.

Jumapili asubuhi Mama Chukua akamkuta mwanawe uani anaosha gari. Usiku mzima alikuwa amepanga maneno ya kumwambia, mengine ya matusi, na alipofika pale yote yakatawanyika. Kijana alikuwa amekunja suruali hadi magotini, mapovu mikononi, anapiga mluzi. Alikuwa na shingo ya marehemu baba yake.

"Umemfanya nini Fundi?"

Mluzi ukakatika. Akainua uso, na jambo lililommaliza nguvu mama yake ni kwamba uso ule haukuwa na hatia. Ulikuwa na haya kidogo, haya ya kijana aliyegunduliwa ana mpenzi.

"Amekwambia? Afadhali. Nilitaka nikwambie mwenyewe. Nampenda yule, mama. Niko tayari kwenda kwao, hata kesho."

"Alikukatalia."

"Mwanzoni. Nani hakatai mwanzoni? Mwisho alikubali, muulize mwenyewe. Alisema sawa kwa mdomo wake."

"Alikukatalia mara ngapi?"

"Sasa mama, hayo ndiyo mapenzi." Akacheka, akasuuza sponji ndooni. "Wewe si ulimkatalia baba mpaka akaja kukaa nje ya mlango wa kwenu na mvua inamnyeshea? Kila harusi unatuhadithia!"

Ni kweli alikuwa akiihadithia. Harusi gani ya ukoo ule iliisha bila hadithi ya Mama Chukua na mvua? Mashangazi walikuwa wakimchokoza makusudi aianze, na alipofika mwisho, "nikaona huyu atanifia mlangoni kwa homa, nikamkubali ili nikalale zangu," ukumbi mzima ulishika mbavu. Sasa, amesimama uani na maji ya sabuni yanapita chini ya kandambili zake, alijaribu kukumbuka alijisikiaje siku ile mwenyewe, kabla haijawa hadithi. Hakukumbuka. Alichokumbuka ni vicheko vya harusini tu. Aliishi na mzee yule vizuri, wala hakumchukia, lakini kama kweli alimtaka siku ile au hakumtaka, hakuwa na wa kumuuliza tena, hata nafsi yake ilikuwa imesahau.

"Hakukubali," akasema. "Alichoka."

"Tofauti yake mtu ataijuaje, mama?"

Aliuliza kwa dhati. Angekuwa anadanganya ingekuwa nafuu, pangekuwa na pa kumkamatia.

"Unaijua," Mama Chukua akasema, na sauti yake ikamtoka vibaya. "Nilikufundisha mimi kuiona. Mtu anayetaka kitu anakisogelea, anakishika, anauliza uliza. Aliyechoka sauti inashuka. Macho yanaenda mlangoni. Mkono unaanza kukusanya vitu vyake. Ulikuwa unaiona ukiwa na miaka kumi, unanikonyeza kabisa. Usiniambie kwa Fundi hukuiona."

Bosi Mdogo akakamua sponji. Akageukia tairi, akaisugua mahali pamoja muda mrefu, palipokwisha kutakata. Alipozungumza hakumtazama.

"Niliiona," akasema. "Lakini ulinifundisha kwamba hapo ndipo pa kufunga mzigo."

Ungefanya nini wewe? Kumpiga, kijana mwenye ndevu? Kumfukuza, na nyumba imejengwa kwa mikono yao wawili? Mama Chukua alirudi ndani akakaa kitandani na viatu vyake. Alisikia ndoo inamwagwa. Baadaye akasikia gari likiwashwa na kuondoka. Kuna hasira ambayo mtu akiiinua imwangukie mwingine, inamrudia yeye kwanza, na hasira yake ilikuwa ya namna hiyo. Akalia, na kilio chenyewe hakikumsaidia kitu.

Jumatatu alimwambia mwanawe asionekane dukani. Kijana hakubisha. Alikuwa amevimba macho, na alisema kama Fundi akitaka atamwomba radhi, akitaka ndoa atamwoa, akitaka apotee atapotea, aambiwe tu anachotaka. Mama yake akamwambia kwa mara ya kwanza maishani asimuulize mtu chochote.

Fundi alifika akiwa na begi. Hakungoja mwisho wa mwezi. Alikwenda nyuma, akaufunga mkasi wake kwenye kile kitambaa laini, akakusanya pini zake kwenye kopo, akafuta cherehani ya duka na kuifunika. Alipotoka alimkuta Mama Chukua amesimama katikati ya duka.

"Kaa kidogo, mwanangu. Dakika moja."

Fundi akakaa pembeni ya kiti, begi mapajani. Mama Chukua akamletea soda baridi, akaifungua kabla hajaulizwa, akamwekea mkononi. Alitaka kumwomba msamaha, Mungu shahidi, hakuwa na nia nyingine. Akamwomba. Akamwambia kwamba kosa ni lake yeye, kwamba ubaya ule ulipikwa humu humu dukani. Fundi akaitikia kwa kichwa taratibu akasema amesikia. Hapo ndipo angeishia, lakini kumwona dada yule na begi lake kulimtia hofu kubwa. Aliona kwamba akitoka mlangoni vile, jambo lile litabaki hivyo milele, halirekebishiki.

"Usiondoke," akasema. "Baki na mimi."

"Hapana, mama."

"Kwa nini?"

"Sitaki kumwona."

"Hutamwona. Nimeshamwondoa, atakwenda kwa baba yake mdogo, hakanyagi hapa tena."

"Watu wa maduka ya jirani watasema."

"Watasema nini? Hakuna anayejua. Na atakayefungua mdomo atanijua mimi."

"Kile chumba cha nyuma kinanibana, mama. Nikisikia mtu anakuja..."

"Basi utahamia huku mbele, kwenye mwanga. Hii meza yote yako. Nitaondoa haya majora." Na akaanza kuyaondoa kweli, anayabeba mawili mawili kifuani, anayapandisha rafuni, miguu inamuuma, anahema, jora la maua likamponyoka likajikunjua sakafuni hadi miguuni pa Fundi. "Nitakuongezea mshahara. Mama yako nitamtazama kama dada yangu. Mwanangu, mimi sina mtu mwingine. Nimemfukuza mtoto wangu wa kumzaa kwa ajili yako. Nikikupoteza na wewe nitabaki na nini?"

Alikuwa analia sasa, jora mikononi, kiuno kimepinda. Fundi aliitazama soda ambayo hakuinywa. Akalitazama lile jora sakafuni. Akatazama mlango.

"Sawa, mama," akasema.

Moyo wa Mama Chukua ukaruka. Uliruka wenyewe, kwa mazoea, vile ulivyoruka maisha yake yote mteja anaposema neno hilo. Halafu akasikia alichokisikia. Sauti ilikuwa imeshuka. Mkono wa Fundi ulikuwa umelikusanya begi, umelishika kwa nguvu kwenye mikanda.

"Hapana," Mama Chukua akasema haraka. "Hapana, mwanangu, usinisikilize. Nenda. Nenda zako, nimekosea."

"Si umesema nibaki?"

"Nimesema, lakini wewe hutaki. Unataka kweli?"

Fundi akamtazama bila chuki, kama mtu anayetazama foleni ndefu asiyoweza kuiruka.

"Nimeshasema sawa, mama."

Akainuka, akaweka chupa ya soda chini ya meza mahali isipoweza kupigwa teke, akabeba begi lake akapita nyuma ya pazia. Mama Chukua alitaka kumfuata, amwambie tena aende, amsihi aende, na mguu wake mmoja ulikuwa umeshatangulia alipotambua kwamba hata huko kungekuwa kumbembeleza. Akaurudisha. Hakukuwa na neno lolote alilolijua ambalo halikuwa limetumika kuuza kitu.

Akaenda akafungua milango yote miwili ya mbele hadi mwisho. Akaondoa kiti kilichokuwa kikizuia njia. Akatoka nje kabisa, akasimama pembeni ya barabara, kando, ili mtu akitaka kupita asilazimike hata kumgusa. Akangoja.

Ndani, cherehani ikaanza kushona.